Siku mkono unapobana wenyewe: ABS kwenye pikipiki za spoti

(Haya ni mazungumzo niliyotoa Jumapili kwenye mkutano wetu wa maraida pale Bagamoyo. Wengi mlikosa kwa ajili ya mvua na mmeniomba niyaweke yote, kwahiyo nimeyaandika kama nilivyoyasema, picha za ukutani nimeziacha.)

Kaka zangu na dada zangu, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja na hii mvua.

Nianze na swali. Humu ndani nani hajawahi kuanguka? Nyoosha mkono juu usiogope. Naona mikono mitatu, Mungu awalinde. Sisi tuliobaki tumeanguka, na kati yetu tulioanguka, ni wangapi tulianguka kwa sababu tumegongwa, na wangapi tulianguka kwa sababu tulishika breki? Usinijibu, jijibu mwenyewe moyoni.

Mimi nilianguka kwa breki. Ilikuwa Mapinga, mvua ya kwanza ya vuli, mnaijua ile, sio mvua kubwa, ni ile rasharasha inayochanganyika na vumbi na oili ya malori iliyokaa juu ya lami kiangazi chote, lami inakuwa kama imepakwa sabuni. Natoka huku Bagamoyo narudi Dar, niko juu ya pikipiki ya cc 600 ya mwaka 2006, haina ABS, yaani ule mfumo unaozuia tairi isiloki ukishika breki, spidi 70 hivi, wala sikuwa nakimbia. Mbele yangu daladala imesimama kituoni, mara ikachomoka bila indiketa. Mkono wangu ukabana. Sikuuambia ubane, ulibana wenyewe, vidole vyote vinne mpaka mwisho. Tairi ya mbele ikaloki na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimelala ubavu naserereka na pikipiki inaserereka mbele yangu inatoa cheche. Mtulinga ukavunjika. Daladala ikaenda zake, nadhani dereva hakuniona kabisa.

Lakini kilichoniuma zaidi ya mtulinga ni hiki. Nilipopona nilirudi Mapinga kwa mguu, nikatafuta pale nilipoanza kubana, nikapima kwa hatua mpaka pale daladala ilipokuwa. Kama mita 50. Ndugu zangu, mita 50! Kwa spidi 70 kwenye lami iliyolowa, tairi nzima, breki nzuri, unasimama ndani ya mita 40 na chenji inabaki. Nafasi ilikuwepo. Sikuangushwa na daladala. Niliangushwa na mkono wangu mwenyewe.

Ndio maana nimekuja kuongea na nyie leo. Sikuja kuuza ABS, sina duka. Nimekuja kuongea kuhusu mkono.

Gari ikiloki tairi inaburuzika kwenda mbele, dereva bado amekaa kwenye kiti chake ameshika usukani anapiga kelele. Pikipiki ikiloki tairi ya nyuma, mkia unapepea, unatisha ila unaokoleka. Pikipiki ikiloki tairi ya mbele inalala. Hakuna mjadala. Kinachoisimamisha pikipiki wima ni ile tairi ya mbele kuzunguka na kuweza kujielekeza kidogo kidogo kushoto na kulia, ukiinyima kuzunguka umeinyima kusimama, na inakwenda chini haraka kuliko akili yako inavyofanya kazi.

Sasa ABS inafanya nini? Kwenye tairi kuna ringi yenye matundu au meno, pembeni yake kuna sensa inayohesabu yale meno yanavyopita. Kompyuta inaangalia. Ikiona tairi inapunguza mzunguko haraka kuliko pikipiki yenyewe inavyoweza kupunguza mwendo, inajua hapa tunaelekea kuloki, inafungua vali, presha ya breki inashuka kidogo, tairi inapata pumzi, inazunguka, halafu presha inarudishwa. Inafanya hivyo mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Wewe unachosikia ni leva inatetemeka chini ya vidole. Na hapa naomba mnisikilize vizuri: ikitetemeka USIIACHIE. Nimeona vijana wakiisikia ile tetemeko kwa mara ya kwanza wanashtuka wanaachia breki wanadhani kuna kitu kimekatika. Wewe endelea kubana, angalia mbali, hiyo ndiyo kazi yake inafanya.

Kuna hadithi moja ambayo nikiikumbuka naumia. Mwaka 1958 kule Uingereza, maabara ya utafiti wa barabara ilichukua pikipiki ya Royal Enfield, Super Meteor, wakaifunga mfumo wa Maxaret. Maxaret ilikuwa ya ndege, ilizuia tairi za ndege zisiloki zikigusa ardhi, hakuna kompyuta, ni chuma kinachozunguka tu. Wakapima. Kwenye barabara inayoteleza umbali wa kusimama ukapungua mpaka kufikia asilimia 30. Mwaka 1958! Halafu mkurugenzi wa ufundi wa kiwanda akasema haoni kama ina mbele. Ikaishia hapo. Pikipiki ya kwanza kuuzwa madukani na ABS ya elektroniki ilikuja mwaka 1988, BMW K100. Hesabuni wenyewe. Miaka 30. Ni mitulinga mingapi hiyo? Na wangapi hawakuondoka na mtulinga tu?

Ila tuwe wakweli, ile ya 1988 ilikuwa na uzito wa kama kilo 11. Kwa pikipiki ya kutembelea na mabegi sio neno, ila nani angeifunga kilo 11 kwenye pikipiki ya spoti? Ndio maana sisi watu wa spoti tulichelewa. Tumezoea kubadilisha mpaka bomba la moshi ili tuokoe kilo tatu, halafu mtu akuletee mzigo mzima kwa ajili ya breki? Mwaka 2009 Honda wakaweka ABS yao kwenye CBR600RR na CBR1000RR, wakafanya kitu cha ajabu sana, ukibana breki mkono wako unasukuma mafuta mahali pengine, kompyuta inasoma unavyobana, na mota ya umeme ndiyo inayotengeneza presha ya kweli kwenye kalipa, kile chuma kinachobana diski. Inafanya kazi vizuri mno, ila iliongeza karibu kilo 10. Wakati huo huo BMW wakaja na S1000RR, ABS yake ilikuwa kilo mbili na nusu tu. Leo mashine yenyewe ya ABS haifiki kilo moja. Kwahiyo anayekwambia leo kwamba hataki ABS kwa sababu ya uzito, mwambie anywe maji kidogo kabla ya kupanda, ataokoa uzito huo huo.

Sasa upande wa pili, maana nimeahidi kusema mazuri na mabaya, na mabaya yapo.

Nina rafiki yangu wa miaka mingi, raida mzuri kuliko mimi, alinunua pikipiki ya cc 1000 yenye ABS, wiki ya pili akachomoa fyuzi ya ABS. Nikamuuliza kwa nini, akasema mbona MotoGP, yale mashindano makubwa ya pikipiki duniani, hawatumii? Na ni kweli, MotoGP ABS hairuhusiwi kabisa kwenye sheria zao. Hoja yake ilikuwa kwamba mkono wa binadamu aliyefunzwa, kwenye lami kavu, safi, tairi ya moto, unaweza kusimamisha pikipiki sawa na kompyuta au hata kuishinda kidogo. Na hapo pia ana ukweli. Breki nzuri kabisa inapatikana pale tairi inapokaribia kuteleza ila haijateleza bado, na mtu aliyefanya hiyo kazi mizunguko elfu anaijua ile sehemu kwa vidole vyake. ABS za zamani ziliachia mapema mno, raida wa mashindano alikuwa anaingia kona anabana anahisi kama mtu amemvuta mkono nyuma. Hata S1000RR yenyewe ukiiweka kwenye modi ya Slick, ile ya uwanja wa mashindano, inaachana na ABS ya tairi ya nyuma ili raida aweze kuutelezesha mkia anavyotaka. Waliotengeneza wanajua.

Lakini mi nilimuuliza swali moja. Yule jamaa wa MotoGP anaijua ile kona? Anaijua, ameipita mara mia. Kuna mbuzi pale? Hakuna. Kuna daladala? Hakuna. Kuna mama anavuka na ndoo kichwani? Akianguka kuna changarawe laini za kumpokea, na daktari anafika ndani ya dakika. Wewe kaka yangu unatoka Tegeta kwenda Bunju saa moja jioni. Fyuzi ya nini?

Alinyamaza. Hakuirudisha siku hiyo, aliirudisha mwezi uliofuata, baada ya bodaboda kukata mbele yake pale Boko, hakuanguka, ila aliniambia mkono wake ulitetemeka mpaka nyumbani.

Kule Marekani kuna taasisi ya bima inayoitwa IIHS, wao walichukua modeli zile zile za pikipiki, zenye ABS na zisizo na ABS, wakalinganisha ajali zilizoua. Kwenye hesabu waliyotoa mwaka 2013, zenye ABS zilikuwa na ajali za vifo pungufu kwa asilimia 31. Unaweza kusema labda wanaolipia ABS ni watu waangalifu tangu mwanzo, na mimi naikubali hiyo, sehemu ya tofauti inaweza kuwa ni mtu na sio mashine. Toa hata nusu. Bado ni watu wengi wanaorudi nyumbani kwao.

Sasa mabaya yenyewe. La kwanza ni vumbi. Nani hapa ameshuka barabara ya changarawe na ABS imewaka? Mwaka juzi nilishuka na pikipiki ya ABS barabara ya vumbi, mteremko mkali, kokoto ndogo ndogo kama shanga, nikashika breki na pikipiki ikakataa kusimama. Mimi nabana, yenyewe inaachia, nabana, inaachia, leva inatetemeka tu na ukingo wa barabara unakuja. Kwa nini? Kwenye kokoto tairi inayoloki kidogo inachimba, inajikusanyia kirundo cha kokoto mbele yake na hicho kirundo ndicho kinachokusimamisha. ABS haitaki tairi iloki hata kidogo, kwahiyo inakunyima kile kirundo, na umbali wa kusimama unaongezeka. Pikipiki za safari za vumbi zina kitufe cha kuzima ABS ya nyuma kwa sababu hiyo hiyo, za spoti nyingi hazina. Kwahiyo ukilazimika kupita vumbi na pikipiki ya spoti, punguza mwendo KABLA ya mteremko, gia ndogo, injini ikushike. Usitegemee breki huko.

La pili ni rasta, yale matuta madogo madogo yaliyopangwa kukata barabara. Wale wa barabara ya Chalinze kwenda Segera mnanielewa. Unabana breki juu ya rasta, tairi ya mbele inadunda, ikiwa hewani kidogo tu inasimama kuzunguka maana hakuna kinachoizungusha, sensa inasoma kwamba imeloki, ABS inaachia. Kwa sehemu ya sekunde huna breki. ABS mpya zinaijua hii janja, za zamani hazijui, na nyingi tunazopanda hapa ni za zamani. Maliza kubana kabla ya rasta, pita ukiwa umeachia.

La tatu ni kubwa, na ndilo linaloua watu wenye pikipiki nzuri. Kona. ABS ya kawaida imetengenezwa kwa pikipiki iliyosimama wima. Ukiwa umelala kwenye kona, tairi tayari imetumia nguvu yake nyingi kukushika usitoke nje, ile iliyobaki kwa breki ni ndogo, na ABS ya kawaida haijui kama umelala, inaruhusu presha kana kwamba uko wima. Ikija kustuka umeshaserereka. Mwaka 2014 Bosch na KTM wakaleta kwenye 1190 Adventure kitu kinachopima pikipiki imelala kiasi gani, breki inajipima kulingana na hapo, na mwaka uliofuata za spoti zikaanza kuwa nacho, Panigale 1299 ya Ducati kwa mfano. Ni kitu kizuri sana. Lakini nani humu ndani anayo? Naona wawili. Sisi wengine wote, ABS yetu kwenye kona ni nusu ABS. Ukiingia kona na spidi iliyozidi, hakuna fyuzi wala kompyuta ya kukusaidia, unatakiwa uwe umeshabana ukiwa bado wima.

Sasa suala la kununua, maana najua wengi wenu mnanunua mitumba. Ulaya tangu 2016 modeli mpya zote za juu ya cc 125 lazima ziwe na ABS, na 2017 ikawa kila pikipiki mpya ya kiwango hicho. India wakafuata, 2018 kwa modeli mpya na 2019 kwa zote za juu ya cc 125. India, ndugu zangu, ndiko zinakotoka bodaboda zetu za Bajaj na TVS. Na bado bodaboda nyingi zinazobeba watoto wetu shule asubuhi hapa zina breki ya dramu, ile ya kizamani isiyo na diski, mbele na nyuma na hakuna anayeuliza. Mi linaniuma, na sitaacha kulisema kila nikipewa nafasi.

Turudi kwenye mitumba. Washa swichi, taa ya ABS lazima iwake. Halafu tembeza kidogo, lazima izime. Isipowaka kabisa usifurahi, inawezekana mtu amechomoa taa ili kuficha ugonjwa. Angalia ile ringi ya meno kwenye tairi, fundi wa tairi asiye makini anaipinda na chuma chake wakati anabadilisha tairi, na meno yakipinda sensa inasoma uongo. Usibadilishe saizi ya tairi kwa sababu ya mwonekano, kompyuta inahesabu mizunguko ikiamini tairi ni ile ile ya kiwandani. Na mafuta ya breki. Mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani, na sisi tunaishi pwani, huo unyevu tunao wa kutosha. Ndani ya mashine ya ABS kuna vali ndogo sana, zikiota kutu hakuna fundi wa kuzifungua, unanunua mashine nzima, na bei yake unaweza kununua bodaboda. Badilisha kila miaka miwili, na umtafute fundi anayejua kutoa upepo kwenye mfumo wa ABS, maana upepo ukibaki mle ndani breki inakuwa kama sponji.

Na kitu kimoja naomba nikiseme kwa nguvu. Kuna vile vikopo vidogo vya rangi nyekundu au dhahabu vinauzwa mitandaoni, vimeandikwa ABS, unavifunga kwenye mpira wa breki. Ile SIO ABS. Ndani kuna springi na raba tu, inafanya breki iwe laini kidogo. Haina sensa, haina kompyuta, haijui kama tairi inazunguka au imesimama. Kijana mmoja alikuja kwenye gereji ya jirani yangu ameifunga, anajisifu, akaniambia kaka sasa hivi naweza kubana nitakavyo. Nilimwomba anisubiri, nikachukua spana nikaitoa kwa mkono wangu, nikamrudishia pesa yake kutoka mfukoni mwangu. Maana nilijua ataenda kubana anavyotaka, na mvua ilikuwa karibu.

Kwahiyo mtu ataniuliza, wewe mwenyewe unapanda nini? Napanda yenye ABS, na siizimi barabarani. Lakini kila mwezi nafanya zoezi la breki kana kwamba haipo. Kwa sababu ABS inangoja mkono wangu ukosee, na mimi sitaki mkono wangu ukosee. Zoezi ni hili, ni rahisi: usikamate breki ghafla. Kwanza gusa, pedi ziguse diski, uzito wa pikipiki uhamie mbele, shoki za mbele zishuke, tairi ya mbele ijibane kwenye lami iwe pana. Hapo sasa ndio kaza, na uendelee kukaza. Tairi iliyobebeshwa uzito kwanza inakubali breki kubwa kuliko ile uliyoishtukiza. Ile siku ya Mapinga ningegusa kwanza kwa nusu sekunde ningesimama nyuma ya daladala na mtulinga wangu mzima.

Mvua imepungua naona. Nje kule uwanjani nimeshapanga koni tangu alfajiri, lami bado imelowa na hivyo ndivyo ninavyotaka. Tunaanza na spidi 30, kila mtu mara tano, halafu 40, halafu 50, hakuna kuruka hatua. Wenye ABS mtabana mpaka muisikie inatetemeka na msiachie. Wasio na ABS mtabaki na mimi kwenye mstari wa kushoto, tutaenda taratibu. Vaeni glavu, fungeni helmeti, na wale watatu ambao hawajawahi kuanguka naomba mje wa kwanza.